Ulianza kusoma Hunger Games ukiwa mtu mzima? Tupeane uzoefu

Mama Wawili, Ntinda
Jamani, habari za jioni. Nina miaka arobaini na ushee na juzi nimemaliza kitabu cha tatu cha Hunger Games. Ndiyo, vile vya Suzanne Collins ambavyo vijana walivisoma zamani: cha kwanza kilitoka 2008, cha tatu 2010. Miaka hiyo mimi nilikuwa nalea, maandishi pekee niliyoyasoma yalikuwa kwenye kadi ya kliniki. Safari hii binti yangu wa S3 (kidato cha tatu) alirudi likizo na cha kwanza, akakiacha sebuleni. Basi.

Ninachotaka kusema ni kwamba macho yangu hayakumfuata Katniss, yule msichana anayesimulia, yalimfuata mama yake. Binti yangu hampendi kabisa yule mama. Mume kafa kwenye mlipuko mgodini, yeye kajilaza kitandani haongei, watoto wanakonda, na msichana wa miaka 11 anaingia msituni kuwinda ili wale. Kwa binti yangu kesi imeshaamuliwa. Mimi ni mjane. Nazijua zile asubuhi unamsikia mtoto akikoroga uji jikoni na mwili wako haunyanyuki. Tumebishana sana humu ndani, na bado hatujapatana. Naona Collins amefanya makusudi: anayesimulia ni mtoto, na mtoto bado ana hasira. Ukiwa na miaka 15 unaiamini hasira yote. Ukiwa na yangu, unaanza kuuliza yule mama angesemaje kama angepewa hata sura moja.

Nani mwingine aliingia kwa kuchelewa? Na atakayekuja kusema hivi ni vitabu vya watoto, ajue kwamba humo watoto 24 wanaingizwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja.

Dereva wa Malaba
Mama Wawili, mimi nilianzia kwenye kibanda cha video, VJ, yule msimulizi wa filamu, akitafsiri kwa Kiganda. Katniss wa VJ alikuwa na maneno mengi kama muuza nyanya wa soko la Owino! Nilicheka mpaka basi. Baadaye sana nikakiokota kitabu kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa barabarani Kampala, nikawa nakisoma kwenye foleni ya malori mpakani. Kumbe kitabu chote kimo kichwani mwa yule msichana: anapiga hesabu, anamshuku Peeta, mvulana wa kwao aliyeingizwa naye uwanjani, anajua kamera inamtazama kwa hiyo anapanga hata uso wake. Kwenye filamu anakaa kimya tu, na VJ akaona kimya hicho hakiendi hivihivi, akakijaza. Nimemheshimu yule VJ upya. Alikosea maneno, lakini alijua kuna maneno.

Halafu nchi nzima ya kitabuni ina wilaya 12! Sisi hapa tuna zaidi ya 130, na kila uchaguzi watu wanaomba nyingine.

Shangazi wa Jinja
Nina miaka 52. Nimekwama mwanzoni. Nani ana muda wa kumchagulia mtoto wa watu kati ya Gale, rafiki yake wa kuwinda, na Peeta?

Dereva wa Malaba
Peeta, shangazi. Kwao wanaoka mikate.

Mtoto wa Kambini, Gulu
Mimi nilikataa kukisoma kwa miaka mingi, na sababu si kwamba ni cha vijana.

Baba alikuwa askari, nimekulia kambini, ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki cha amri. Mwaka 2003, 2004 hapa Gulu, kila jioni watoto wa vijijini walikuwa wanaingia mjini kwa miguu na mablanketi kichwani, wanalala kwenye baraza za maduka na nyua za hospitali, kwa sababu waasi wa LRA walikuwa wanateka watoto usiku na kuwafanya wapiganaji. Asubuhi wanarudi. Sisi tulikuwa ndani ya ua, tunawaona wakipita. Sasa mtu aniambie kuna hadithi tamu ya watoto wanaolazimishwa kuuana, na watu wananunua tiketi? Nilimkatalia mke wangu, nikawakatalia na wenzangu kazini.

Kilichonigeuza ni jambo nililolisikia redioni, kwamba Collins naye ni mtoto wa askari. Baba yake alikuwa ofisa wa jeshi la anga la Marekani, akapelekwa Vietnam binti akiwa mdogo. Nikasema haya, tuone huyu mwenzangu wa kambini anasemaje.

Simmalizii mtu utamu. Nasema tu kwamba cha kwanza nilikisoma kwa mashaka, na cha tatu ndicho kilichonishika, kile ambacho vijana wengi wanakilalamikia kwamba kinachosha, kwamba Katniss analia sana na anajificha kwenye makabati. Mimi ninao watu hapa mtaani waliorudi kutoka msituni wakiwa vijana, leo wana watoto wao, na mlango ukibamizwa wanaruka. Anayesema Katniss alipaswa kujikaza hajakaa na hao.

Mama Wawili, Ntinda
Pole sana, kaka. Ahsante kwa kusema.

Mwalimu Mkongo, Nakivale
Ndugu zangu, huku kambini kwa wakimbizi kitabu kilikuwa kimoja, tena cha Kiingereza, kwa hiyo jioni nilikuwa nawasimulia majirani kwa Kiswahili chetu. Mapenzi waliyaruka. Walishikwa na ile habari ya tessera.

Kwa ambao hamjafika: mtoto akifika miaka 12 jina lake linaingia mara moja kwenye bahati nasibu ya kila mwaka ya kuchagua wa kwenda uwanjani, na kila mwaka linaongezeka. Lakini familia yenye njaa inaruhusiwa kuliongeza jina la mtoto ili ipewe nafaka na mafuta ya mtu mmoja kwa mwaka. Ndiyo maana Katniss wa miaka 16 jina lake limo mara 20, na Gale wa miaka 18 mara 42. Wenye mali wanaingia mara chache tu.

Mzee mmoja akanikatiza: hiyo nafaka ni kilo ngapi? Nikamwambia kitabu hakitaji kilo, kinasema ni kidogo. Akacheka, "Hiyo kidogo naijua." Mwaka ule tulikuwa tumeshagawanywa makundi ya posho, wengine nusu, wengine hakuna. Mama mmoja akaapa kwamba aliyeandika hii amewahi kupanga foleni ya mahindi.

Mtoto wa Kambini, Gulu
Foleni hakupanga, mwalimu. Ameeleza mwenyewe kwamba wazo lilimjia usiku akibadilisha chaneli za televisheni: hapa vijana wanashindana, pale vita vya Iraki, mpaka vikachanganyika.

Mwalimu Mkongo, Nakivale
Basi alituchungulia tu.

Mpya Hapa
Nimeona viko vitano. Naanza na kipi?

Dereva wa Malaba
Fuata vilivyotoka. Vitatu vya Katniss kwanza, yaani Michezo ya 74 na kuendelea. Cha 2020 kinarudi nyuma miaka 64, Rais Snow akiwa bado kijana anayeficha umaskini wao. Cha 2025 ni cha Haymitch, yule mshauri wa Katniss, Michezo ya 50. Ukianza na Snow utamwonea huruma mapema, na huyo si wa kuonewa huruma mapema.

Shangazi wa Jinja
Nimerudi. Nimefika kwa yule mtoto Rue, uwanjani. Kwa nini hamkuniambia?

Dereva wa Malaba
Ungesoma?