Mnaotupa jina la muvi na "kali hatari, usikose", mnatuharibia siku

Wakuu, salamu baadaye. Leo nina povu, nalitoa lote hapa, mwenye kunawa anawe.

Mtu anaulizwa muvi gani nzuri ameitazama karibuni. Anaandika jina, "kali hatari", na vimoto vitatu. Kamaliza. Ya mwaka gani hasemi, ya nchi gani hasemi, ina urefu gani hasemi, inafaa kutazamwa na nani ndiyo kabisa. Ukimuuliza inahusu nini anakujibu, "We itazame tu mkuu, utakuja kunishukuru." Nikushukuru kwa bando langu?

Juzi kati watoto wa dada yangu walikuja kwangu likizo. Nikaomba ushauri wa muvi ya kutazama nao. Jamaa mmoja akaniandikia: "Supa Modo, ya Kenya hiyo, ya superhero, watoto watafurahi balaa." Nikaishusha, nikawakalisha sebuleni, bisi mezani, taa nimezima kama ukumbini.

Sasa nielewekeni. Supa Modo ni muvi nzuri mno. Ya mwaka 2018, kaiongoza Likarion Wainaina, haifiki hata saa moja na nusu, na watoto walioigiza humo wanawafunika watu wazima wengi tunaowaona kwenye tamthilia. Lakini inahusu mtoto wa miaka tisa mwenye ugonjwa usiopona. Mama yake anamtoa hospitali amrudishe nyumbani, kwa sababu hakuna tena cha kufanywa, na kijiji kizima kinaanza kuhangaika ili mtoto aamini kwamba ana nguvu za ajabu. Hapo sijamharibia mtu uhondo, hayo yote utayajua mapema tu. Huyo ndiye "superhero" wenu.

Yule mdogo alianza mapema. "Mjomba, kwani hatapona?" Nikajifanya natafuta chaja. Baadaye kidogo akaacha kula bisi. Mkubwa wake alikuwa analia huku kajifunika mto usoni nisimwone, mie mwenyewe koo limekauka, na muvi imekwisha hakuna anayeomba nyingine. Usiku yule mdogo akaja mlangoni kwangu kuniuliza kama na yeye akiumwa tutamrudisha nyumbani. Asubuhi dada yuko kwenye simu: "Hivi kaka ulikuwa unawaonyesha nini wanangu?"

Niambieni, nilimjibu nini?

Ningeambiwa "inahusu mtoto mgonjwa, inaliza, itazame wewe kwanza", ningeitazama peke yangu na ningempenda sana aliyeniambia. Ni sentensi moja tu. Ila yule mtu, naapa, aliona bango la mtoto mwenye kitambaa mgongoni akakimbilia kuandika.

Na hilo la kutosema muvi ni ya kutazamwa na nani limetuumbua wengi. Unakaa na mzee wako, umeambiwa "ya kifamilia", dakika ya ishirini watu wanavuana nguo, wewe unapapasa remoti chini ya makochi, mzee kageukia ukutani anasoma kalenda. Tusilirefushe hili, kila mtu humu anayo yake.

Tuje kwenye urefu. Kuna aliyenipa RRR akasema "picha la Kihindi la mapigano, unalimaliza fasta". Fasta! Muvi ya saa tatu na dakika kadhaa juu! Nimeianza saa nne usiku nikijua saa sita niko kitandani, saa saba inapiga bado watu wanarushana, na asubuhi kibarua kinanisubiri. Halafu si Kihindi. Lugha yake ya asili ni Kitelugu, mwongozaji S. S. Rajamouli, na niliyoikuta mimi Netflix ndiyo iliyotiwa sauti za Kihindi, kwa hiyo ukiona midomo inakwenda huku maneno yanakwenda kule usidhani ni simu yako. Muvi yenyewe nimeipenda, sikatai. Ule wimbo wao wa Naatu Naatu haukubeba Oscar 2023 kwa bahati, na kuna sehemu yenye wanyama ambayo niliirudia hapo hapo (siisemi zaidi ya hapo, mnaona inavyowezekana kunyamaza?). Ila ungeniambia saa tatu, ningeiweka Jumamosi mchana.

Mnaomwaga mwisho nanyi nawajia. Parasite, ile ya Korea Kusini ya 2019 iliyochukua Oscar ya filamu bora, ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata tuzo hiyo. Raha yake kubwa ni kwamba unaingia hujui inakupeleka wapi. Familia maskini inajipenyeza kwa hila, mmoja mmoja, kwenye kazi za nyumba ya tajiri, unacheka, unasema haya, nimeshaielewa, kumbe hujaelewa kitu. Sasa jitu linaulizwa "ni nzuri?" linajibu kwa kueleza kilichoko katikati, linaongeza na nani anakufa na kwa silaha gani. Wewe ulitazama bila kujua, ukashtuka, ukafurahi. Kwa nini mwenzio umnyime? Na msiniletee utetezi wa "ni ya zamani, kila mtu ameshaiona". Kuna mtu leo hii ndiyo amepata simu yenye nafasi. Kwake ni mpya.

Ndugu wa hao ni watu wa mafupisho. Hawajatazama muvi hata moja tangu mwaka uanze, wametazama zile video za dakika kumi ambapo sauti moja inakusimulia "huyu jamaa anaamka, huyu jamaa anakimbia, huyu jamaa anagundua kumbe". Kisha wanakuja humu na hukumu. Nimebishana jioni nzima na mmoja anayesema hiyo hiyo Parasite "haina stori". Namuuliza kuhusu ile mvua kubwa na namna kila nyumba ilivyoipokea, ananiuliza mvua gani. Mkuu, kama huijui mvua hujaitazama.

Na wale wa "ina 9 kule IMDb", ule mtandao watu wanakopigia muvi alama. Sawa, The Shawshank Redemption inaongoza orodha yao miaka nenda rudi, tumesikia. Mimi nakuuliza wewe uliyeitazama, nilichotaka ni macho yako.

Kwenye zilizotafsiriwa, zile ambazo DJ anakusimulia kwa Kiswahili juu ya picha, nitasema kwa adabu, maana nimekulia banda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, na sauti ya msimuliaji wetu Lufufu ndiyo iliyonifundisha kupenda picha. Wakenya wana DJ Afro wao, wanajua ninachosema. Hawa watu hawakuwa wakitafsiri tu. Walikuwa wanaongeza methali, wanabandika majina, wanamsuta adui, wanakupa hadithi ambayo mwongozaji mwenyewe akiisikia atashangaa. Ni sanaa, na ni tamu. Lakini ukiniambia muvi fulani ya Kichina "inachekesha kufa", nikaishusha yenye maandishi ya chini nikakuta ni msiba mtupu mwanzo mwisho, ujue ulichokipenda ni DJ. Basi sema: "itafute iliyotafsiriwa na fulani." Nitaitafuta hiyo hiyo na nitacheka na mimi.

Sasa linaloniuma zaidi. Kila ikitajwa ya kwetu, jibu liko tayari mfukoni: "bongo muvi hamna kitu." Nikamuuliza mmoja umeitazama Vuta N'Kuvute? Akasema aliianza akaiacha, "imepoa, haina mapigano". Ndugu yangu, ni riwaya ya Adam Shafi ile, Unguja ya miaka ya 1950 chini ya Mwingereza, binti wa Kihindi anayekimbia ndoa na mtu mzima aliyechaguliwa na wazazi, anakutana na kijana wa harakati anayetafutwa na polisi. Ulitegemea steringi aruke ghorofa? Amil Shivji kaitengeneza kwa mwendo wa taratibu makusudi, kamera inakaa kwenye uso wa mtu, kwenye uchochoro, kwenye moshi wa sigara, mpaka unahisi joto la chumba. Ikaenda tamasha la filamu la Toronto 2021, nchi ikaipeleka kugombea Oscar.

Lakini hata sisi tunaoipenda tuna kesi ya kujibu. Tunaisifiaje? "Kila Mtanzania mzalendo aitazame." Nani anatazama muvi kwa uzalendo? Ungemwambia mtu ukweli kwamba ni ya polepole, ina mahaba na siasa, itazame usiku ukiwa umetulia na simu umeiweka mbali, aliyechoka na mwenye hamu ya ngumi angeipisha na asingekuja kuitukana. Binti ya Seko Shamte nayo imetendewa hivyo hivyo. Wanaiita "muvi ya wanawake" wakaishia hapo, wakati ni visa vinne vya wanawake wanne wa Dar, kuna cha madeni, kuna cha kipigo ndani ya nyumba, kuna cha kutafuta mtoto, na mwanaume mwenye akili akikaa mpaka mwisho atatoka na la kufikiri.

Mtasema nataka makubwa. Humu humu kuna mwanachama aliwahi kuandika hivi, nakumbuka karibu neno kwa neno: "Nairobi Half Life, Kenya, 2012. Kijana wa kijijini anaenda mjini kutafuta uigizaji, anaibiwa akifika tu, anaangukia kwenye genge. Matusi mengi, damu ipo, usitazame na wazazi. Sheng imejaa, tafuta yenye maandishi. Saa moja na nusu na ushee." Nikaitazama usiku ule ule na kila alichosema nilikikuta, na mwisho wake haukunifikia kabla ya wakati. Kuandika vile hakukumchukua hata dakika.

Haya, ombi, kwa mwenye nia njema. Jumapili baba mkwe anakuja kwangu, mzee wa Tanga, mstaafu wa reli, Kiingereza anakisikia kidogo, kelele hazipendi na akila anasinzia. Natafuta muvi isiyozidi saa mbili, isiyo na kitanda, yenye hadithi ya kumkalisha macho. Andika jina, mwaka, lugha, na sababu moja ya kuipenda. Atakayeniandikia "kali hatari" namjibu hapa hapa, na hatafurahi.