Ukoo wa Mzee Kondo: majibu ya kinyama cha mjomba

[19:12] Shangazi Mwajuma: Assalaam aleikum wanangu. Majibu ya mjomba wenu Salum, ya kinyama kilichokatwa ulimini kupima saratani, yametoka. Wameandika "p53 chanya, Ki-67 asilimia 60, p16 hasi". Kijana wa jirani katafuta kwenye simu, anasema p16 ikiwa hasi mgonjwa haishi sana. Chakula hakipiti. Rehema, Hamisi, mpo?

[19:15] Rehema (maabara): Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Kula kwanza. Kidonda kiko sehemu gani hasa ya ulimi?

[19:16] Shangazi Mwajuma: Marahaba. Ubavuni, kushoto, usawa wa magego.

[19:21] Rehema (maabara): Basi kijana kasoma habari za ugonjwa mwingine. p16 ni protini inayopimwa kwa kupaka seli rangi, na ina uzito kwenye saratani ya tonsili na shina la ulimi, kule kooni. Huko ikiwa chanya, yaani angalau asilimia 70 ya seli zimeshika rangi vizuri, kwenye kiini na nje ya kiini, ni dalili kwamba uvimbe umeletwa na virusi vya HPV, na wagonjwa hao hupona zaidi. Ulimi wa mbele, shavu na ufizi ni habari tofauti. Huku chanzo kikubwa ni tumbaku, ugoro, kuberi, tambuu yenye popoo, na pombe. Uvimbe mwingi wa hapo ni p16 hasi. Haimpunguzii mjomba hata siku moja.

[19:23] Baba Mdogo Idi: Na hiyo 60? Mbona kubwa?

[19:29] Rehema (maabara): Shikamoo baba. Ki-67 inaonyesha seli ngapi ziko kwenye mzunguko wa kugawanyika. Uvimbe unakua, sawa, lakini hakuna kiwango kilichokubalika cha kusema huyu atapona, huyu hatapona. Wasomaji wawili wa slaidi ileile (kioo chenye kipande chembamba cha kinyama) wanaweza kutoa namba tofauti, kutegemea wamehesabu eneo gani. p53 nayo, protini ya jeni inayozuia saratani, neno "chanya" halitoshi. Jeni ikiharibika, rangi ya kahawia hujaa karibu seli zote, au haionekani kabisa. Kwa hiyo hata "hasi" inaweza kuwa jeni iliyoharibika.

[19:36] Hamisi (upasuaji wa kinywa): Shikamooni wazazi. Yanayotabiri zaidi yatatoka kwenye ripoti ya pili, baada ya upasuaji. La kwanza ni kina, yaani uvimbe umezama kiasi gani. Kidonda cha sentimita 1.5 chenye kina cha milimita 7 ni T2, si T1 (T ni daraja la ukubwa wa uvimbe), maana mpaka ni milimita 5. Kidonda cha zaidi ya sentimita 2 hadi 4, kina kikipita milimita 10, ni T3. Na kina hakipimwi kutoka juu ya uvimbe. Mpimaji huanzia usawa wa utando wenye afya wa pembeni, anashusha mstari wima hadi seli iliyozama chini kabisa, kama mwashi na timazi. Akipima kuanzia kilele cha uvimbe, anapima unene, na hatua ya ugonjwa inaweza kupandishwa bure.

[19:41] Hamisi (upasuaji wa kinywa): Halafu kingo. Tunataka milimita 5 au zaidi za nyama safi kwenye slaidi. Ulimi ukikatwa hujikunja, ndiyo maana tunakata sentimita 1 au zaidi kuuzunguka uvimbe. Mwisho tezi za shingo, na hapa ndipo pazito kuliko pote: tezi ngapi zimetolewa (18 au zaidi ndiyo kazi nzuri), ngapi zina ugonjwa, na kama umetoboa ganda la tezi. Ukitoboa, au ukingo ukibaki na ugonjwa, mwenye figo na masikio mazuri hupewa mionzi pamoja na sisplatini, dawa ya saratani inayoweza kudhuru figo na masikio. Mionzi ianze ndani ya wiki 6 baada ya kukatwa. Meno mabovu yang'olewe angalau wiki 2 kabla ya mionzi, la sivyo taya linaweza kuoza.

[19:44] Baba Mdogo Idi: Kipimo chenyewe kinaweza kukosea?

[19:50] Rehema (maabara): Kinaweza, na mara nyingi kosa linaanzia kwenye kopo. Fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, iwe ya asilimia 10 iliyowekewa bafa (kemikali ya kuzuia asidi), mara 10 ya ujazo wa kinyama, saa 6 hadi 72. Kopo likiwa na fomalini ya kulowesha tu, nje panaiva, katikati panaoza, na protini hazishiki rangi. Kwenye slaidi unaona pembeni kahawia, katikati peupe, mtu anaandika "hasi". Waulizeni maabara kama slaidi ya kulinganishia, ile inayojulikana kuwa chanya, ilishika rangi siku hiyo.

[19:52] Rehema (maabara): Na bloku ya nta, ile iliyohifadhi kinyama chenyewe, isipotee. Ugonjwa ukirudi au ukisambaa, hiyohiyo hutumika kupima PD-L1, protini ambayo uvimbe huitumia kujificha na kinga ya mwili, na jibu lake husaidia kuamua kama dawa ya kinga, pembrolizumabu, itamfaa. Zinahitajika seli hai za uvimbe zisizopungua 100, kwa hiyo kinyama kidogo mno hakitoshi.

[19:55] Shangazi Mwajuma: Namba ya bloku naiona juu kulia. Naiandika kwenye daftari la kliniki.

[19:56] Baba Mdogo Idi: Kesho saa mbili asubuhi nipo maabara, naulizia slaidi ya kulinganishia.