Anafuta $HOME yangu (folda yangu ya nyumbani kwenye kompyuta) kwa git clean, halafu ananiambia "nimekusafishia"!

Mwenye_Terminali (mwanzisha uzi)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimepandana mnivumilie.

Yule mjuaji wetu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye ukimuuliza saa ngapi anaanza na "kitaalamu". Yule mwenye laptopu iliyojaa stika mpaka kwenye chaja. Leo kaletwa ofisini aniwekee cheti cha VPN. Cheti tu! Faili moja linaingia mahali pake, anakunywa soda, anaondoka.

Simu ya mteja ikaita. Nikageuka kupokea, hata kitini sijanyanyuka. Kugeuka tena namkuta kafungua .bashrc yangu, faili la mipangilio ya terminali, anaisoma mstari kwa mstari, anacheka kwa puani. "Aliasi zote hizi za nini? Mtaalamu anaandika amri nzima." Nikanyamaza maana mteja yuko hewani. Ndipo akaiona cfg, aliasi yangu, yaani amri fupi inayosimamia amri ndefu.

Kwa wasioijua: faili zangu za nukta zote, yaani za mipangilio zinazoanza na nukta, .bashrc, .vimrc, .gitconfig, .tmux.conf na ndugu zao, nazitunza kwa git, programu ya kuhifadhi kila toleo la faili. Repo, yaani ghala lake, inakaa ~/.cfg, na folda yake ya kazi ni $HOME yenyewe. Aliasi ni hii:

`alias cfg='git --git-dir=$HOME/.cfg --work-tree=$HOME'`

Nikibadilisha kitu naandika cfg add, cfg commit, cfg push, kwisha. Nikipewa mashine mpya navuta repo na mipangilio yangu yote inarudi. Na nimeweka status.showUntrackedFiles iwe no, ili git isinipigie kelele kuhusu mafaili mengine yaliyomo humo nyumbani. Sasa kunyamaza kwa git si kwamba hayo mafaili inayalinda. Inayahesabu ni ya nje, yasiyo na mwenyewe. Yule bwana alilijua hilo? Kitaalamu?

Akaandika `cfg clean`, yaani futa kila faili git isilolitunza.

Git IKAMKATALIA. Wakuu, programu isiyo na baba wala mama imemkatalia, imemwambia haifuti kitu bila -f, -n au -i. Hapo mtu mwenye akili timamu anaweka -n, aonyeshwe kwanza kitakachoondoka. Yeye akaweka -fdx! Folda ndani yake, na -x juu, yaani hata vile nilivyoviorodhesha kwenye .gitignore ili git ivipuuze visisalimike!

Mistari ikaanza kushuka. Removing Documents/. Removing Picha/. Removing Ankara/. Inashuka kama mvua ya masika na mimi nasema "ndiyo mama, nakusikia" kwenye simu. Nimeirusha simu mezani, nimeufikia mkono wake, imeshakwisha.

Akanigeukia. Hana hata jasho. Akasema: "Nimekusafishia."

NIMEKUSAFISHIA! Mbele ya vijana wa mafunzo! Mbele ya dada wa mapokezi aliyekuja na chai!

Nimefungua .ssh, folda ya funguo zangu za kuingilia seva, ndani kimebaki kitu kimoja: config. Kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa ndani ya git. Inaijua kila seva ninayoingia na haina ufunguo hata mmoja. Miradi yangu yenye .git yake imepona, maana git clean haigusi repo nyingine mpaka uandike -f mara mbili. Git kwa git wamehurumiana. Mimi binadamu nimeambiwa nimesafishiwa.

$HOME ya mtu ni ya mtu. Huingii ukaanza kufagia. Aniombe radhi mbele ya wale wale vijana, la sivyo mwaka huu hatukai mkutano mmoja.

Nawasilisha.

---

Mpwa wa Seva

Mkuu USIFUNGE HIYO TERMINALI. Rudia kusoma: usifunge. Bash (programu inayopokea amri za terminali) ina historia ya amri zako kwenye kumbukumbu hata kama .bash_history imefutwa. Andika `history -w` sasa hivi, inaandikwa upya. Halafu jaribu `ssh-add -l`. Kama wakala wa SSH (programu inayoshika funguo kwenye kumbukumbu) bado anafanya kazi na alishapakia funguo, unaweza kuingia kwenye seva zako leo. Tengeneza ufunguo mpya, uweke kwenye authorized_keys (orodha ya funguo zinazoruhusiwa) za kila seva kabla hujazima mashine. Ukizima, umekwisha.

Mwenye_Terminali

Asante mkuu, history imerudi, na wakala anazo funguo mbili. Nakimbilia seva sasa hivi. Lakini naomba ieleweke kwamba ALINITAZAMA MACHONI aliposema lile neno.

Nyuki Mkali

Pole. Ila mtu akiketi kwenye kibodi yangu na simu ikaita, simu naiacha iite.

Mwenye_Terminali

@Nyuki Mkali sikuondoka! Nilikuwa hapo hapo! Mgeni akija kuangalia bomba la jikoni nimshike mkono asiingie chumbani?

Mla Ubuyu

Hahaha huyu namjua! Mwembamba, miwani, anatembea na kibodi yake mwenyewe kwenye begi? Aliniondolea nano, kihariri changu cha maandishi, kwenye seva, akasema "mtu mzima hatumii nano".

Kitunguu Swaumu

Huyo wenu ni mwingine. Ninayemjua mimi ni mnene, na yeye tatizo lake ni Emacs, kihariri kingine.

Mwenye_Terminali

Ni huyo huyo, mnamjua wote, tusizungushane.

binti_wa_bash

Mimi wa kwetu hakufuta, aliongeza. Seva tunatumia wote, akaweka aliasi zake kwenye /etc/bash.bashrc bila kumwambia mtu. Moja ikawa gs, yaani git status. Sasa mimi gs ni Ghostscript, naitumia kila siku kupunguza ukubwa wa PDF za wanafunzi. Naandika gs na vigezo vyangu vyote, naambiwa hapa si repo ya git. Nikadhani Ghostscript imeharibika, nikaiomba isakinishwe upya. Skripti za usiku zinafanya kazi vizuri kabisa, kwa mkono inakataa! Mpaka nilipoandika `type gs` ndipo nikaona maajabu.

Mpwa wa Seva

@binti_wa_bash skripti hazikuathirika kwa sababu bash haifungui aliasi kwenye skripti, mpaka uiambie. Ukitaka kuiruka kwa mkono weka mkwaju wa nyuma mbele ya amri, `\gs`.

binti_wa_bash

Najua sasa. Siku ile sikujua, na yeye alikaa meza ya pili ananisikiliza nikilalamika.

Mwenye_Terminali

Dada pole, lakini wewe Ghostscript yako ipo. Mimi picha za harusi ya mdogo wangu zilikuwa kwenye Picha/. "Nimekusafishia." Picha za harusi ni uchafu?

Nyuki Mkali

Nakala ya akiba ya picha iko wapi? Au cfg push ndiyo ilikuwa nakala ya kila kitu?

Mwenye_Terminali

Zipo kwenye diski ya nje, @Nyuki Mkali, na haihusiani kabisa! Mtu akikuvunjia dirisha unamuuliza mwenye nyumba kama ana kioo cha akiba?

Kitunguu Swaumu

Kumbe zipo. Uzi ufungwe.

MkaaNairobi

Habari zenu, niko Nairobi. Mimi nimeteswa na mtu wa Windows. Tulikubaliana kuweka faili za nukta za timu kwenye repo moja, kila mtu avute. Yeye git yake imewashwa autocrlf, inayobadilisha miisho ya mistari iwe ya Windows. Akachukua .bashrc kwenye mashine yake, akaikopi moja kwa moja kwenye seva, na ile herufi ya mwisho wa mstari ya Windows imo ndani. Kila anayeingia anapokelewa na `$'\r': command not found`, mstari baada ya mstari. Nikamwambia atumie git kuivuta, asikopi. Akajibu, "Kwangu inafanya kazi."

Mla Ubuyu

"Kwangu inafanya kazi" hilo neno watu walitakiwa walilipie faini.

Tarishi

Nyinyi mnalia na bash? Mimi niko kwenye Mac. Bash inayokuja nayo ni 3.2, ya mwaka 2006! Apple waligoma kupanda juu yake kwa sababu ya leseni ya GPLv3, halafu 2019 wakafanya zsh, programu nyingine kama bash, kuwa ya kawaida kwa akaunti mpya. Mtu unasasisha faili la .bashrc lako wiki nzima kumbe halisomwi na yeyote. Nani alinitangazia?

Kitunguu Swaumu

Dunia nzima ilitangaziwa. Catalina, macOS ya mwaka huo, ilikuwa inakuandikia kwenye terminali kila ukifungua bash.

Tarishi

Nilidhani ni tangazo.

Mpwa wa Seva

Turudi kwenye mada. @Mwenye_Terminali, ukimaliza kuhangaika fikiria kuhamia GNU Stow. Faili za nukta zinakaa kwenye folda yao, Stow inakutengenezea viungo kwenda $HOME. Mtu akipiga git clean humo, anasafisha folda hiyo tu. Au chezmoi, nayo inatunza nakala zake pembeni.

Mwenye_Terminali

Nimeelewa mkuu, lakini ukiangalia vizuri unaniambia mimi nihame nyumbani kwangu kwa sababu yake. Kwa nini nihame mimi? Ahame yeye! Git ilishamkatalia! Ilimkatalia kwa maandishi!

Shemeji Konsoli

Stow tusiisifie sana. Wa kwetu aliweka viungo vya Stow, halafu akafuta folda ya asili "kuokoa nafasi". Ofisi nzima viungo vinaelekea hewani. Na huyo huyo ndiye aliyeweka ufunguo wake wa siri kwenye repo ya wazi, alipoambiwa akaufuta kwa komiti (toleo lililohifadhiwa) inayofuata, akasema "nimeshautoa". Umo kwenye historia ya repo mpaka leo, yeyote anayevuta anaupata. Ilibidi mimi ndiye nizunguke kuubatilisha kwenye seva zote, Ijumaa jioni.

binti_wa_bash

Ijumaa jioni! Kwa nini mambo haya ni Ijumaa kila siku?

MkaaNairobi

Wetu hakutaka hata kusikia neno kubatilisha. Ati repo haina wafuatiliaji.

Mla Ubuyu

Kitu kimoja nauliza, mnaotunza faili za nukta kwa git, .vimrc zenu (mipangilio ya kihariri cha Vim) zina mistari mingapi? Yangu ina mitatu na naishi vizuri.

Kitunguu Swaumu

Mitatu? Hata namba za mistari huoni?

Mla Ubuyu

`set number` ndio wa kwanza.

Tarishi

Anayetumia Vim asinisogelee. Nimeazima mtu laptopu yangu saa moja, kairudisha kabadilisha Caps Lock kuwa Escape. Naandika barua pepe kwa meneja kwa herufi kubwa, kila nikibonyeza dirisha linafunga.

Shemeji Konsoli

@Tarishi hiyo ni nafuu. Mimi nimeazima mtu chaja, kaniletea nyingine. Ya rangi ile ile, wati 45. Yangu ni 65.

Nyuki Mkali

Hahaha, chaja! Funguka mkuu, ni nani huyo?

Shemeji Konsoli

Simtaji, mnamjua. Ila chaja yangu ina alama ya kucha karibu na plagi, nitaitambua hata gizani.

MkaaNairobi

Ya wati 45 laptopu inachaji lakini?

Shemeji Konsoli

Ikiwa imezimwa.

Tarishi

Basi huyo ndiye aliyenibadilishia Caps Lock. Alikuwa na chaja ya kucha kucha hivyo hivyo, nimeiona kwa macho yangu Jumatano.

Shemeji Konsoli

WAPI? Nitumie ujumbe wa faragha sasa hivi.