Daktari kanipa letrozoli, nimesoma karatasi ya kwenye boksi nimeogopa

tumaini_88: Wapendwa habarini, nina PCOS (ule ugonjwa wa homoni ambao mayai hayakomai vizuri), hedhi inakuja inapotaka yenyewe, inaweza kupita hata miezi 3 kimya. Nimemeza Clomid, dawa ya kukuza yai ili nishike mimba, mizunguko mitatu, tulianza na miligramu 50 tukapanda mpaka 100, kila nikipigwa ultrasaundi hakuna yai lililokua. Sasa nimebadilishiwa letrozoli, nasoma karatasi naona ni dawa ya saratani ya matiti jamani!! Leo niko siku ya pili ya hedhi, kesho natakiwa nianze na sijui nifanyeje. Halafu vile vipimo vya mkojo vya kuangalia ovulesheni (yai kutoka) vinanipa mistari miwili karibu kila siku, ndo nini hiyo?

nesi_wa_zamu: Pole mdogo wangu. Ni kweli ilianzia kwenye saratani ila wewe unaimeza siku 5 tu. Inashusha estrojeni kwa muda, ubongo ukiona imepungua unamwaga homoni ya FSH na hiyo ndo inakuza yai. Mwaka 2014 ulitoka utafiti wa Marekani, wanawake 750 wenye PCOS, waliotumia letrozoli waliojifungua ni 27.5% na wa Clomid 19.1%, ndo maana siku hizi madaktari wengi wanaanza nayo kabisa. Cha lazima uhakikishe huna mimba kabla ya kumeza. Hivyo vipimo vya mkojo usivitegemee, vinasoma LH, homoni inayopanda yai likikaribia kutoka, na wengi wetu wenye PCOS LH iko juu muda wote, amini ultrasaundi.

mamapacha_bado: Mi nimeitumia, miligramu 2.5 haikufanya kitu, kwenye 5 yai likafika milimita 19 nikalia pale pale kitandani. Nilipata joto la ghafla na kichwa kuuma, basi. Ila dada nikuulize, mumeo kapimwa mbegu? Mimi nilimeza madawa miezi mitano hakuna hata mmoja aliyewaza kumpima mwenzangu, kuja kupima mbegu ziko chache, nikikumbuka ile miezi naumia mpaka leo. Na mirija yako ya uzazi je, iko wazi?

Zai_m: Naongezea kidogo, ikigoma usikubali kuruka haraka kwenye sindano za FSH kama hapo unapotibiwa hawakupigi ultrasaundi mara kwa mara, kwenye PCOS mayai yanaweza kukua mengi kwa mpigo, ukapata mimba ya watoto wengi au ovari zikavimba vibaya. Tumbo likijaa ghafla, unatapika, pumzi inabana, unakimbia hospitali usiku huo huo.

tumaini_88: Asanteni mno, mirija nilipima iko wazi. Mume wangu hajawahi kupimwa hata siku moja na hakuna aliyetuambia, nimemsomea majibu yenu hapa kasema ataenda maabara wiki hii. Kesho asubuhi napima mimba kwanza halafu naanza kidonge.