Tupeane uzoefu: gari ya zamani ukikanyaga mafuta inasita, yako ilikuwa na nini?

Kizee wa Kisauni: Leo gari imenivunjia heshima Nyali Bridge, nakanyaga mafuta inasita kwanza halafu ndo inaruka mbele, matatu zote nyuma zanipigia honi. Ni Toyota 110, injini 5A. Ikiwa imesimama yanguruma vizuri tu, huwezi kujua ina shida. Nani yashamkuta na ilikuwa nini? Msinambie niuze.

Chaani Finest: Uza.

Mama Twins Likoni: Weh umenikumbusha mabaya. Yangu pia 110, fundi mmoja akabadilisha plagi, ikatulia kidogo ikarudi palepale. Sasa siku hiyo natoka feri upande wa kisiwani, maji yamekupwa, mnajua maji yakipwa ile njia ya kutokea inavyosimama. Nimembeba mama mkwe nyuma na magunia yake ya nazi. Nyuma yangu lori. Naachia klachi, nakanyaga, injini yatetemeka haivuti, mshale wa RPM washuka na gari yaanza kurudi nyuma, na tangu ile ajali ya feri ya 2019 mie pale roho haitulii kabisa. Nikavuta handibreki mpaka mkono ukauma, mama mkwe ashaanza shahada kwa sauti, askari wa feri apiga filimbi kama mimi ndo nimependa. Vijana wakaja wakasukuma, mmoja akanambia, "Anti, sailensa yanuka petroli mbichi, moto haufiki." Yule kijana alijua kuliko mafundi wote niliowalipa. Usiku fundi wa umeme akafungua boneti, akazima taa zote, akanyunyiza maji kidogo kwenye waya za plagi, wallahi tukaziona cheche za buluu zarukia chuma. Kufungua kifuniko cha distributa, ile yagawa moto kwa plagi, ndani vichwa vya shaba vimefanya ukijani. Hewa ya chumvi hii. Waya mpya, kifuniko, rota, basi.

Suka wa Mtongwe: Feri na maji kupwa, yataka moyo.

Bin Mvita: Mama mkwe alisemaje??

Dokta Magari: Kizee usihangaike, nunua dawa ya kopo usafishe ile sensa ya hewa, MAF, pale baada ya filta. Kwisha.

Fundi Changamwe: Yakhe, 5A ya 110 haina MAF. Ina MAP, sensa inayosoma vakyum, yaani mvuto wa hewa ndani ya manifoldi ya injini, kwa kimpira chembamba. Atasafisha nini?

Dokta Magari: Sensa ni sensa. Mie nafungua injini wewe ukiwa madrasa.

Fundi Changamwe: Basi mwonyeshe ilipo, apige picha tuione.

Nazi Mbata: Mbona hamsemi mafuta? Vituo vingine vyachanganya na mafuta taa.

Suka wa Mtongwe: Hiyo ilikuwa zamani. 2018 mafuta taa yalipigwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita, sasa atachanganya apate faida gani?

Nazi Mbata: Haya, wewe endelea kuwaamini.

Fundi Changamwe: Kizee nisikilize mimi. Ikisita pale mwanzo tu unapogusa mafuta halafu ikachapuka, angalia hewa: kimpira cha MAP, mipira ya vakyum, sensa ya throto, kile kilango cha hewa ukikanyaga mafuta. Ikichoka ukiwa na mzigo, mfano wapanda Mazeras, hapo ni moto au petroli. Chomoa mpira wa vakyum wa regyuleta ya presha ya petroli, geji ya presha isome kati ya 38 na 44 PSI. Ikiwa chini, filta imeziba au pampu imechoka. Usinunue pampu kabla ya geji, pampu si njugu.

Bin Mvita: Jamani mama mkwe.

Mama Twins Likoni: Alishuka pale pale juu, akapanda tuktuk. Nazi akaniachia mie nizilete.

Chaani Finest: 😂😂 Huyo ndo fundi wa kweli, kajua tatizo mapema.

Kizee wa Kisauni: Nimeangalia sasa hivi na tochi. Kimpira cha MAP kina ufa nchani, nikikikunja wafunguka. Nikate ile ncha nirudishie?

Fundi Changamwe: Kata kama urefu watosha, kisivutike. Lakini kesho nunua kipya, na waya za plagi uzimwagie maji gizani kama Mama Twins, gari ya umri huo haiugui ugonjwa mmoja.

Dokta Magari: Na MAF asafishe.