Ufinyanzi bila tanuri: naombeni ushauri

Mleta uzi: Wakuu, nataka kuanza ufinyanzi kama burudani ya nyumbani. Tanuri sina na sitegemei kununua. Oveni ya jikoni inatosha kuchomea? Au kuni nje?

Fundi Vyungu: Oveni sahau. Nyingi zinaishia nyuzi 250 za selsiasi hivi, na udongo haugeuki kigae mpaka ufike karibu 600. Chini ya hapo, ukiuloweka unarudi tope. Moto wa kuni unafika 700 na zaidi, tatizo ni kasi yake: maji yaliyobaki kwenye udongo yanageuka mvuke ghafla, chombo kinalipuka.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kabla ya kuwasha. Kwenye udongo sehemu 4 changanya sehemu 1 ya vigae vya vyungu vilivyotwangwa na kuchekechwa (twanga umevaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu). Kuta ziwe milimita 6 hadi 8, na kitako kisizidi hapo, maana kikiwa kinene kinachelewa kukauka na ndipo ufa unapoanzia. Funika kwa nailoni siku mbili tatu za mwanzo, kisha acha kivulini wiki nzima. Gusisha chombo shavuni: kikiwa cha baridi, bado kina maji.

Bi Kigae: Naongezea kuchoma. Kwanza washa moto mdogo, panga vyombo kandokando, vigeuzegeuze saa mbili. Ndipo uvipange kwenye shimo la sentimita 40, juu ya maranda makavu, midomo ikitazama chini. Jaza kuni, washa kwa juu ili moto ushuke taratibu. Usifukue hadi kesho yake. Kikipigwa na upepo kingali cha moto kinapasuka. Kigonge kwa kucha: kizima kinalia, chenye ufa kinatoa mlio mfu.

Mleta uzi: Asanteni sana. Naweza kunywea chai?

Fundi Vyungu: Hapana. Kinavuja na kinanyonya uchafu. Glezi nayo (mpako unaoyeyuka na kuwa kama kioo juu ya chombo) haiyeyuki vizuri kwenye moto wa wazi.

Bi Kigae: Vya chakula peleka karakana inayokodisha nafasi kwenye tanuri. Waulize wanachoma nyuzi ngapi KABLA hujanunua udongo. Udongo wa kuchomwa nyuzi 1,050 ukiingia tanuri la 1,240 unayeyuka na kuganda kwenye rafu, na rafu utailipa wewe. Ukisafirisha vyombo vibichi, bebea kitako, usishike ukingo.