Tupeane uzoefu: habari uliyoifungua kwa kupita tu, ikagoma kutoka kichwani

Wakuu, habari za saa hizi. Kila siku tunapitisha kidole kwenye habari kibao, vita huku, uchaguzi kule, nani kaachana na nani, jioni ukiulizwa umesoma nini hukumbuki hata moja. Ila kuna ile moja inakung'ang'ania. Naomba tupeane hizo tu, na useme ilikukuta ukiwa unafanya nini.

Naanza mimi. Yangu ni Voyager 1. Nilikuwa kitandani, taa nimezima, nikakutana na linki kwamba kile chombo cha anga za juu kilichorushwa 1977 kimeanza kutuma vitu visivyosomeka, hiyo ilikuwa Novemba 2023. Nikajua basi, kimezeeka. Kumbe mainjinia wa NASA wakakaa nacho miezi, wakagundua chipu moja ya kumbukumbu imekufa, na fundi hawezi kutumwa kwa sababu kiko zaidi ya kilomita bilioni 24 kutoka hapa, sasa wakachukua yale maelekezo ya programu yaliyokuwa kwenye ile chipu wakayakata vipande vipande wakayachomeka sehemu nyingine za memori palipokuwa na nafasi. Wakatuma. Ujumbe ulikuwa unasafiri saa 22 na nusu kufika, na jibu saa 22 na nusu nyingine kurudi. Hebu fikiria umeshabonyeza, halafu unaenda nyumbani, unakula, unalala, unaamka, na bado hujui. Aprili 2024 kikajibu vizuri. Nililia jamani, sioni aibu kusema. Karibuni.

#2
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni wale watoto 12 na kocha wao waliokwama pangoni Thailand, Juni 2018. Wakati ule mwanangu alikuwa na umri kama wa wale wadogo, na kila nikimaliza kazi nafungua simu kabla hata sijavua viatu. Siku tisa hawajaonekana, halafu Julai 2 wapiga mbizi wakawakuta wamekaa juu ya mwamba gizani. Wote 13 walitolewa hai mpaka kufikia Julai 10. Lakini kinachonikaa mimi ni Saman Kunan, mwanajeshi mstaafu wa majini aliyejitolea, akafariki baada ya kupeleka mitungi ya hewa. Watu wanakumbuka furaha ya mwisho, yeye wanamsahau. Mimi jina lake nililiandika kwenye daftari na nilimfundisha mwanangu alitamke.

#3
Yangu haipendezi sana ila niseme. Machi 2023 ile picha ya Papa Francis kavaa koti jeupe la kuvimba. Niliituma kwenye grupu la familia, nikaandika na maneno juu. Mama akaamini, akawatumia wenzake wa jumuiya wanaosali pamoja, wakaanza kugombana kabisa kama ni sawa au si sawa Papa kuvaa vile. Baadaye nikaikuza picha, nikaangalia mkono, vidole havijashika vizuri kile kitu kilichokuwa mkononi, vimeyeyuka. Ilitengenezwa na akili bandia. Kumwambia mama ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, maana alishatetea kwa watu. Tangu siku hiyo nakuza mikono kwanza, halafu natafuta ile picha ilitokea wapi mara ya kwanza, ndo natuma.

#4
Mimi si habari, ni makala. Miaka ile baba anaumwa figo nilipata makala moja ya mgonjwa aliyeelezea dialisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, kwa lugha ya kawaida kabisa, saa baada ya saa, hadi baridi unayoisikia damu ikirudi mwilini. Nilikuwa namsomea baba kwa sauti na yeye anaitikia tu "ndivyo, ndivyo hasa". Alipofariki nikairudia. Haipo. Ukurasa haupatikani. Niliumia kama nimefiwa mara ya pili yani. Kuna utafiti wa Pew Research Center ulitoka 2024, unasema asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo 2013 zilikuwa hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Nilivyoisoma nikasema kumbe sio mimi peke yangu. Iliniokoa Wayback Machine ya Internet Archive, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, nikabandika anwani ya zamani ikaja nzima, na picha zake. Nimeichapisha kwenye karatasi sasa.

#5 (mwenye uzi)
Dada pole sana kwa mzee. Nimetoka kusoma ya kwako nikaenda kwenye linki zangu nilizohifadhi 2014. Zilikuwa tisa. Zimefunguka nne. Moja kati ya zilizokufa hata sikumbuki ilihusu nini, nimebaki na maneno tu niliyoyaandika pembeni: "rudia hii". Hizo nne naziingiza Wayback sasa hivi kabla sijalala. Wengine endeleeni, nitasoma zote asubuhi.